Sura ya Sita: Matundu ya Siku ya Kusahau

Kwenye bahasha ya vitu vya mahabusu mlikuwa na funguo tatu, kitambaa cha jasho, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti, na gololi moja ya kioo.

Inspekta alimimina vyote mezani. Gololi ikabingirika mpaka ukingoni, akaidaka kabla haijaanguka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Waliomwona mara ya kwanza walidhani ni mwalimu wa watoto wadogo, mpaka anyamaze na kuwatazama.

"Afande, mzee wa miaka sitini ana gololi mfukoni," alisema Sajini. "Ama anacheza na wajukuu, ama amerudi utotoni."

"Hana wajukuu. Nisomee tena maelezo yake."

Sajini alivaa miwani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kustaafu. "'Mimi ndiye niliyeziba bomba la paa kwa tambara. Nikalisahau. Mvua ikanyesha Jumatatu, paa likaanguka, mpwa wangu akafa. Sina la kuongeza.' Basi. Sahihi yake hii hapa."

Maelezo mafupi kuliko orodha ya kwenda sokoni. Na mambo yenyewe yalikuwa yameonekana hivyo hivyo. Jumatatu, saa tisa alasiri, mvua ya kwanza ya msimu ikiwa imenyesha saa mbili mfululizo, kipande cha paa la duka kubwa kilikatika kikaanguka pamoja na mashine ya ubaridi iliyokuwa juu yake. Kiliangukia kaunta ya tatu. Wengine walikuwa wamekimbilia mlangoni kutazama mvua. Aliyebaki kwenye kaunta yake ni mmoja, binti wa miaka ishirini na minne. Zimamoto walipopanda juu walikuta tambara la kaki limeshindiliwa kwenye mdomo wa bomba la maji. Kaki ile ilikuwa ya sare kuukuu ya mtunza paa, mzee ambaye duka zima lilimwita Fagio. Na Fagio ndiye mjomba wa marehemu, ndugu wa mama yake tumbo moja, tena ndiye aliyemtafutia kazi pale.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Saa kumi alasiri binti angezikwa. Kesho yake jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashitaka. Na mama wa binti alikuwa amekuja kituoni Jumanne, akasimama mbele ya kaunta bila chozi, akasema neno moja tu kuhusu kaka yake: "Asikanyage."

"Kesi hii imejifunga yenyewe," Sajini alisema.

"Ndiyo maana siipendi," Inspekta akajibu, akaitia gololi mfukoni.

*

Fagio alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyetoka shambani. Chai waliyompa asubuhi ilikuwa imefanya utando kando yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hukunywa chai."

"Imepoa."

"Ilipokuwa ya moto hukunywa pia." Inspekta alivuta kigoda akakaa. "Nataka unieleze lile paa."

"Nimeshasema. Tambara ni langu."

"Tambara nimelisikia. Sasa nataka paa. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya paa la mgongo. Mvua ikinyesha, maji yanateremka yenyewe, hayangoji mtu. Nyie mna jengo kubwa namna ile, mmeliwekea paa kama meza. Kwa nini?"

Mzee aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mtu kumwuliza jambo analolijua.

"Kila mtu huniuliza hivyo," alisema taratibu. "Sikiliza. Jengo lile lina upana wa hatua themanini, nimezipima kwa miguu yangu. Paa la mgongo, nyumba ikipanuka, mgongo nao unapanda. Nyumba ya hatua kumi, mgongo unazidi urefu wa mtu kidogo tu. Hatua themanini, mgongo utakuwa mrefu kuliko duka lenyewe. Chuma chote hicho na mabati yote hayo, unafunika nini? Hewa. Nani atakaa humo? Popo."

Sajini aliyesimama mlangoni alicheka kwa pua, akajizuia.

"Halafu kuna zile mashine za ubaridi," Fagio aliendelea. "Moja ina uzito wa ng'ombe watatu. Ukiitia ndani inakula nafasi ya duka, inanguruma, inatoa joto. Ukiipandisha juu ya paa la mgongo itajishika wapi? Paa bapa linaibeba. Fundi anapanda, anatembea wima, anakaa chini anafungua boliti zake, anashuka. Na ule ukuta mfupi wa pembeni unaficha yote hayo, mtu wa barabarani anaona duka safi tu. Ndiyo maana maduka makubwa na maghala na viwanda vyote viko hivyo. Si kwamba waliojenga hawakujua mvua."

"Na maji yanakwenda wapi, ikiwa ni bapa?"

"Si bapa, mwanangu. Macho ndiyo yanadanganya. Ukichukua..." Aliingiza mkono mfukoni, mfuko ulikuwa mtupu. "Walinichukulia gololi yangu."

Inspekta alimtilia gololi kiganjani. Mzee aliigeuza geuza, uso ukamlegea kidogo.

"Hii ukiiweka popote juu ya paa, inaondoka yenyewe polepole mpaka mdomo wa bomba. Aliyejenga ameliinamisha kidogo, kiasi ambacho jicho halioni ila maji yanaona. Paa lina vipande vinne vilivyotengwa kwa kuta fupi, kila kipande na bomba lake. Nikimaliza kufagia naiweka hii. Ikisimama njiani, najua pameingia bonde, nachemsha lami napajaza."

"Na tambara?"

"Kabla ya kufagia naziba mdomo wa bomba, mchanga usiingie ukaganda ndani. Nikimaliza nazoa uchafu, natoa tambara. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa. Jumamosi iliyopita sikulitoa."

"Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Miaka kumi na tisa hujasahau. Jumamosi nini kilikutoa kazini?"

"Hakuna."

"Nani alikuita?"

Ngumi ilifumba juu ya gololi. "Hakuna aliyeniita," mzee alisema upesi.

Inspekta aliuona ule upesi, akauweka akilini. Hakuukazania.

"Bomba likiziba, maji hayana njia nyingine?"

"Yapo matundu. Manne, kwenye ukuta wa mbele, shubiri moja juu ya sakafu ya paa. Yale ni ya siku ya kusahau. Aliyejenga alijua mtu ni mtu. Bomba likiziba maji yanapanda shubiri moja, yanakuta matundu, yanamwagika nje barabarani. Wapita njia wanalowa, wanatukana, sisi tunasikia matusi tunapanda kuzibua. Safari hii hayakutosha. Mvua ilizidi. Na Jumamosi hiyo hiyo niliyapitishia mkono moja moja, hayana jani wala kiota. Kosa ni langu. Usilitafutie mwenyewe mwingine."

"Hilo niachie mimi."

"Naomba kimoja tu. Wanamzika saa kumi. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku yake ya kwanza ya shule, baba yake alipokuwa amekwisha fariki. Hata mkinifunga pingu, nisimame mbali."

Inspekta hakupenda kuahidi asichokuwa nacho. Alinyoosha mkono.

"Niazime gololi yako."

*

Duka lilikuwa limefungwa. Ndani mlinuka lami na saruji mbichi. Wafanyakazi wachache walikuwa wakihamisha mashuka na masufuria yaliyolowa kutoka upande wa mbele. Msichana wa kaunta ya pili alikuwa akifuta meza yake, ingawa ilikuwa safi. Alikuwa akifuta pale pale kila mara.

"Ulikuwepo Jumamosi?" Inspekta alimwuliza.

"Nilikuwepo, Afande."

"Mzee Fagio alishuka saa ngapi?"

Msichana alitazama kaunta ya tatu, au pale ilipokuwa. "Saa saba. Marehemu alisimama chini ya ngazi akamwita. 'Mjomba, shuka ule, chakula kinapoa!' Mzee akajibu anamalizia. Akamwita tena, 'Mjomba, shuka! Jua litakukausha ubaki kama dagaa!' Sote tukacheka. Akashuka. Walikula pale stoo, juu ya maboksi." Kitambaa kilisimama. "Halafu likaja gari la mzigo, mzee akaenda kushusha mzigo. Sikumwona akipanda tena."

"Umemwambia nani habari hii?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Walipanda ngazi ya chuma. Sajini alipanda kwa vituo, akipumzisha goti moja baada ya jingine. "Magoti haya yaliajiriwa kwa kazi ya chini, Afande."

"Yataongezewa cheo."

Juu kulikuwa kweupe na kupana kama uwanja. Mashine za ubaridi zimejipanga kwa safu, zimezimwa. Upande wa mbele, hatua kumi kutoka ukutani, palikuwa na shimo la ukubwa wa chumba cha kulala, na mabati yake yamepinda kuelekea chini kama ulimi. Zimamoto walikuwa wamechora kwa chokaa mahali penye mihimili, mtu akanyage hapo tu.

Inspekta aliikanyaga mistari ile pole pole mpaka kwenye ukuta mfupi. Akachutama, akaiweka gololi chini, akaiachia. Kwanza ilikaa. Kisha ikaanza kwenda kama iliyokumbuka jambo, ikapita kando ya mguu wa Sajini, ikaongeza mwendo, ikaingia kwenye mdomo wa bomba ikagonga chujio. Mzee hakusema uongo.

Aliitoa gololi, akasimama, akautazama ukuta.

"Sajini, unaona nini?"

"Ukuta."

"Na juu ya ukuta?"

Ulikuwepo mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa kwa rula, toka pembe hii mpaka pembe ile. Chini yake ukuta ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, juu yake mweupe. Inspekta aliweka dole gumba chini akapima kwa shubiri yake. Kutoka sakafuni hadi matundu, shubiri moja. Kutoka sakafuni hadi mstari, mbili na nusu.

"Ndoo ina tundu katikati," alisema. "Unaijazaje maji yapite juu ya tundu?"

"Namimina haraka kuliko linavyotoa. Mvua ilikuwa kubwa, Afande."

"Sawa. Lakini mvua haimiminiki kwa kipimo kimoja. Inaongezeka, inapungua, na maji yanapanda na kushuka kwa kufuata mvua. Ukutani ungeona madoa yamepishana pishana. Huu ni mstari mmoja. Maji yaliyosimama ndiyo yanayochora hivi. Maji yanayokimbia hayana muda wa kuchora."

Inspekta alilala kifudifudi na sare yake, akaweka jicho kwenye tundu la kwanza. Lilikuwa kipande cha bomba kilichopenyezwa ukutani, kimeinama kidogo kuelekea nje. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua linawaka barabarani. Ndani ya tundu mlikuwa na giza.

Alijiburuta hadi la pili. Giza. La tatu, la nne, giza vilevile.

Fagio alipitisha mkono. Alitafuta majani na viota, kama alivyotafuta miaka yote, na mgongo wake wa kizee haukumruhusu kulala chini kutafuta mwanga.

"Nipe lile fagio pale."

Lilikuwa limeegemezwa kwenye mashine, mpini wake umeng'aa kwa mikono. Kwanza Inspekta aliupima unene wa ukuta kwa juu, akaweka alama kwenye mpini kwa ukucha. Kisha akauingiza mpini tunduni. Ulikwenda mpaka ile alama ya ukucha, mahali ambapo ungetakiwa kutokeza kwenye hewa tupu, ukagonga kitu. Akausukuma kwa nguvu. Kitu kile kilibonyea kidogo kama mpira, kikaurudisha mpini.

"Tuko ukutani upande wa mbele," alisema akiwa bado amelala. "Nje ya ukuta huu, mbele ya matundu haya, pana nini?"

Sajini alichungulia barabarani kwa tahadhari, ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Bango," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Bango jipya, Afande. Limefunika mbele yote."

*

Karakana ya fundi mabango ilikuwa mtaa wa pili. Herufi za plastiki ndefu kuliko mtu zilikuwa zimeegemea ukuta. Fundi mwenyewe alikuwa na rangi mpaka kwenye kope, na mdomo usiopumzika.

"Bango lile? Nililipandisha miezi miwili iliyopita, wakati wa jua. Jengo linatimiza miaka ishirini, Meneja akataka bango lionekane mpaka kwa majirani zake wa mbinguni. Kazi nzuri ile, Afande. Mtu asiniambie kitu."

"Nyuma yake uliweka nini?"

"Bati, halafu mpira mweusi wa gundi kuzunguka ukuta wote. Maji yasipite nyuma yakaozesha taa."

"Uliona matundu?"

Mdomo usiopumzika ukapumzika. Fundi alijifuta mikono kwenye aproni, akaifuta zaidi ya ilivyohitaji.

"Niliyaona," alisema. "Afande, mimi kabla sijawa mtu wa mabango nilikuwa nasaidia mafundi wa mabomba. Nayajua matundu yale. Subiri."

Alivuta droo, akafukua karatasi. "Wateja wangu wana ugonjwa mmoja. Herufi zikishapanda juu wanasema si walizotaka. Kwa hiyo mchoro wenye sahihi siutupi hata nihame nyumba." Akautandaza mbele yao.

Ulikuwa mchoro wa bango. Kwenye sehemu nne fundi alikuwa amechora vibomba vifupi vinavyotoka ukutani na kupenya kwenye bango hadi nje, na kando ya kila kimoja ameandika kwa penseli: *Mdomo wa maji ya paa. Usizibwe.* Kwa kalamu ya wino mwekundu vibomba vyote vinne vilikuwa vimepigwa mstari. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kutia sahihi, palikuwa na maneno haya: *Vinaharibu herufi. Toa.* Na sahihi.

"Alisema maji yalikuwa yanaacha michirizi ukutani, bango jipya litachafuka," fundi alieleza. "Nikamwambia, bosi, michirizi ni ya siku moja kwa mwaka. Akasema mvua ikija mzee wa juu atashughulika, ndiyo kazi yake. Nikaziba." Aliinamisha kichwa. "Nimesikia habari Jumatatu jioni. Sijalala tangu siku hiyo."

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Niliogopa. Mkono ulioziba ni huu."

Inspekta aliukunja mchoro kwa uangalifu. "Mchana huu utakuja uandike maelezo. Uyaandike yote, na huo woga nao."

*

Meneja aliwapokea ofisini kwake, nyuma ya duka, kulikobaki kukavu. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu ambaye duka lake limeanguka.

"Tumempoteza mtoto wetu," alisema. "Mvua ya Mungu, Afande. Na uzembe wa mtu mmoja. Mzee wa watu, namhurumia, lakini sheria ni sheria."

"Kuna matundu ya dharura juu. Yalifanya kazi?"

"Yako wazi kabisa. Panda ukaangalie."

"Nimepanda. Kwa ndani yako wazi."

Meneja alisogeza kikombe chake inchi moja, akakirudisha.

"Yana giza," Inspekta aliongeza.

"Sikuelewi."

"Meneja, mvua ni ya Mungu. Bango ni la nani?"

Aliuweka mchoro juu ya meza, upande wenye wino mwekundu ukimtazama mwenyewe. Sajini alitoa daftari lake bila kelele.

"Nilidhani ni ya kupitishia hewa," Meneja alisema hatimaye.

"Fundi ameandika 'maji ya paa'. Mara nne."

"Sikusoma yale ya penseli."

"Ulisoma penye herufi."

"Mimi ni mtu wa biashara! Ningejuaje kwamba vitundu vinne..." Alisimama, akakaa tena. "Yule ndiye aliyeziba bomba. Asingeweka tambara lake, maji yangeshuka. Hilo mbona hulisemi?"

"Nalisema. Aliweka tambara, akalisahau, na ameandika hivyo kwa mkono wake siku ile ile, bila kuulizwa mara mbili." Sauti ya Inspekta haikupanda. "Lakini matundu yale yalijengwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Mtu mwema aliyechoka, akasahau siku moja katika miaka kumi na tisa. Maji yangepita juu ya wapita njia, wangemtukana, angepanda mbio, jioni mpwa wake angemcheka. Hicho ndicho ulichopiga mstari. Na ulijua, ndiyo maana ulitaka nikaangalie upande wa ndani."

Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo wa Meneja.

"Utaongozana na Sajini," alisema Inspekta. "Mfuate pole pole, magoti yake yamepanda ngazi leo."

*

Ilipofika saa tisa Inspekta alikuwa amekwisha kusema na mkuu wake, amekwisha kumpeleka Fagio mbele ya kaunta kutia sahihi kwenye fomu ya dhamana ya polisi. Mzee alisikiliza habari ya bango mpaka mwisho. Hakufurahi. Aliuliza tu, "Yote manne?" Alipoambiwa ndiyo, akafunika uso kwa viganja.

Sasa alikuwa kwenye gari la polisi mwisho wa mtaa, na Sajini pembeni yake. Inspekta alikwenda peke yake kwa miguu.

Nyumba ilijaa wanawake walioketi sakafuni. Alivua kofia na viatu, akaketi nao. Mama wa marehemu alikuwa kona ya chumba, mwanamke mrefu, mikono ameiweka magotini kama vitu vya mtu mwingine.

"Pole, mama."

"Nimepoa. Sema ulilolijia."

Alilisema, kwa maneno machache. Bomba, matundu, bango, wino mwekundu. Mama alisikiliza akitazama mkeka.

"Tambara lilikuwa la nani?"

"La kaka yako."

"Akalisahau."

"Akalisahau."

"Basi ni yeye."

"Kwa tambara ni yeye, na hakatai. Kwa matundu si yeye. Mtu akisahau, jengo lilikuwa na namna ya kumkumbusha. Namna hiyo kaka yako aliikagua Jumamosi ile ile kwa mkono wake, hakujua imefungwa kwa nje. Aliyeifunga yuko kituoni."

Mwanamke mmoja alitaka kusema neno, mwenzake akamgusa goti.

"Kaka yangu hasahau," mama alisema. "Tangu utoto. Mimi ndiye wa kusahau, yeye ndiye wa kurudi kufunga mlango. Jumamosi ilikuwaje akasahau?"

Lilikuwa swali lile lile la asubuhi. Inspekta alikuwa na jibu lake, amelipata kwa msichana wa kaunta ya pili. Aliiona tena ngumi ya mzee ikifumba juu ya gololi. Mtu amekubali kufungwa ili jibu hilo lisifike kwenye chumba hiki.

"Hakuniambia," alisema, na ilikuwa kweli.

"Hatakuambia." Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makavu na mekundu. "Jumamosi binti yangu alitoka hapa na vyombo viwili vya chakula. Nikamwuliza, cha pili cha nani? Akasema cha mjomba, asiposhushwa kule juu hali mpaka jioni. Akarudi na vyombo vitupu, anacheka, ananiambia alivyomwita mpaka mzee akaacha kazi." Alivuta pumzi, ikakatika katikati, akaivuta tena. "Chakula chenyewe nilipakua mimi. Nilimwambia, hakikisha anakula kingali cha moto. Tangu Jumatatu namkataza asikanyage, kumbe natafuta mtu wa kunibebea lawama."

Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye katika sala, na huenda alikuwa katika sala.

"Yuko wapi?"

"Kwenye gari. Mwisho wa mtaa."

Mama alisimama. Wanawake wawili waliinuka kumshika, akawaondoa mikono. Alitoka pekupeku, akapita katikati ya watu waliokuwa wakipanga viti uani, wakampisha. Inspekta alimfuata kwa nyuma, viatu mkononi.

Fagio alimwona akija. Alijikunyata kwenye kiti cha nyuma, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Sajini alishuka upande wa pili bila kuambiwa, akaenda kusimama mbali, akageuza uso kuutazama ukuta wa nyumba ya watu.

Mama alifungua mlango wa gari. Alimtazama ndugu yake, nywele zake zilizokuwa na vumbi la lami hata sasa, mikono yake mikubwa iliyolala mapajani haina la kufanya.

"Kaka," alisema. "Shuka."